Maji Laini ya Samaki wa Daktari

Siku yangu ya kwanza kazini, kule Uvira, mkuu wa kituo cha kuuza samaki wa mapambo alinipa kipande cha sabuni badala ya wavu. Nikadhani ananitania. Kumbe njo kipimo: maji laini hutoa povu upesi, lakini maji magumu, yenye madini mengi kama chokaa, hukuachia utando tu mikononi. "Samaki inakufaka ju ya maji, haiko ju ya njaa," aliniambia, yaani maji ndiyo huwaua, si njaa. Neno hilo nimelirudia miaka yote, na wakubwa zangu hawakulisikia.

Vita vilipotufukuza nilifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kisha nikapata ruhusa ya kutoka kambini kumfanyia kazi daktari wa meno huko Lilongwe, mtu wa kwetu, wa Bukavu, aliyehamia zamani. Ruhusa ilitegemea barua yake. Akinichoka, narudi kambini na batoto batatu, bila kazi.

Sebuleni alikuwa na akwariamu, sanduku la kioo lenye samaki wadogo wa mito ya maji laini. Maji ya kisima yalikuwa magumu. Ya bomba yalikuwa na klorini, dawa inayochoma mashavu ya samaki, kwa hiyo niliyalaza ndooni siku mbili. Mengine nilikinga ya mvua kwenye vigae vya kanisa moja mtaa wa Chinsapo, baada ya mvua kadhaa kuvisafisha, nikayaleta kwa madumu juu ya kabaza, baiskeli ya kubeba abiria. Nilichanganya, nikabadilisha kidogo kidogo kila juma.

Daktari akachoshwa na madumu yangu. Mvua ya kwanza ya mwaka akaamuru tukinge kwenye bati lake, lililopakwa rangi juma lile lile. Nikamwambia mara tatu kwamba mvua hiyo itashuka na vumbi na rangi.

"Mama, njo weye utanifundisha chimie?" aliniuliza; chimie ndiyo kemia.

Alipotoka kuchota ndoo, nikawahi kuhamisha samaki tisa kwenye beseni la maji ya akwariamu jikoni, bila idhini yake, huku nikiifikiria barua. Akamimina mwenyewe. Kesho yake wote wa sebuleni walikuwa wanaelea.

"Juu ya nini haukunikataza?"

"Nilikukataza, Docteur. Tisa iko ku jikoni, nzima."

Akaenda kuwatazama. Barua ya ruhusa yangu aliiandika upya siku hiyo hiyo, nibaki kazini. Jumapili nikamsikia akiwasimulia wageni jinsi alivyookoa samaki tisa.

Sasa nimestaafu, niko Dzaleka. Juzi dada mmoja aliyepata kazi kama yangu mjini alikuja kuuliza habari za maji. Nikamweleza asubuhi nzima, akaitikia kila neno. Alipoinuka akaniuliza kama haitakuwa haraka zaidi kununua maji ya chupa yenye madini. Nikamwambia akae tena, nikaanza upya.