Namba Aliyoitaka Mwalimu wa Southall

Nakumbuka Jumamosi moja ya majira ya baridi, mwanangu, nimeketi kwenye kochi la watu huko Southall, magoti yameshikana kama ya mwanafunzi aliyechelewa, nikimsikiliza mshenga wangu akiniharibia posa kwa namba.

Kabla sijaendelea, niweke kumbukumbu sawa. Nilikuwa msajili wa ndoa katika halmashauri moja ya hapa Landani mpaka nilipostaafu, na viapo nimevisikia vya kila aina. Siku hizi nahudhuria harusi zenu kama mgeni, nami hutoka nimeudhika. Bwana harusi anashika kipaza sauti, anasema anampenda mkewe mara trilioni. Shangazi anasimama, anaongeza mara trilioni mia. Ukumbi mzima vigelegele, wala hapana anayeuliza trilioni ni kitu gani. Trilioni moja, mwanangu, ni milioni iliyorudiwa mara milioni. Ukitaka kuihesabu, namba moja kila sekunde, bila kula wala kulala, utahitaji miaka zaidi ya elfu thelathini. Sijapata kumwona bwana harusi mwenye subira hiyo. Debe tupu haliachi kuvuma.

Haya, turudi Southall.

Mshenga wangu alikuwa Ami Selemani, mdogo wake marehemu baba yangu, mzaliwa wa Tanga, dereva wa basi hapa mjini, mtu ambaye angeweza kumuuzia samaki maji. Binti niliyemtaka ni Mwanaidi, aliyekuwa akisomea uuguzi. Baba yake, Mwalimu Rashidi, alifundisha hesabu katika skuli moja ya sekondari, naye alikuwa na desturi ya kukutazama juu ya miwani yake mpaka ukumbuke makosa ya utotoni. Tulikuwa tumekwisha kuambiwa kwamba mfamasia mmoja wa Birmingham naye ametuma salamu, na kwamba wazee wake wangefika Jumapili ya wiki iliyofuata. Kwa hiyo Ami alikuwa ameamua kutumia silaha zake zote siku ile ile.

"Mwalimu," alisema, mkono kifuani, "kijana wetu anampenda binti yako kwa idadi ya nyota za mbinguni."

Mwalimu Rashidi aliweka kikombe chini, akainuka, akafungua pazia. Nje giza lilikwisha kuingia, kama liingiavyo mapema hapa wakati wa baridi, na mawingu yalikuwa yamefunika kila kitu.

"Naona taa ya barabarani," alisema. "Na ile nyingine inayotembea ni ndege inakwenda kutua. Bwana Selemani, binti yangu anapendwa kwa sifuri?"

"Nyota zipo nyuma ya mawingu, Mwalimu."

"Mawingu tuyaondoe. Na taa zote za Landani tuzizime. Nyota zinazoonekana kwa macho matupu, ukizunguka dunia nzima, ni elfu chache tu. Mfuko wa mchele wa kilo moja ulioko jikoni kwangu una punje nyingi kuliko hizo."

Ami hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. "Basi tuseme anampenda kwa idadi ya punje za mchele."

"Mchele ule tunaupika Ijumaa."

Kutoka jikoni nilisikia kicheko kikizibwa kwa upande wa kanga. Nilitamani sakafu inimeze. Ami akavuta pumzi, akatoa lile alilokuwa ameliweka akiba: "Mwalimu, mapenzi yake hayana mwisho."

Hapo Mwalimu aliketi, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Aliniuliza mimi, si Ami: "Kijana, pai ni nini?"

Nilifurahi. Hilo nililijua. Nilijinyoosha nikajibu kama tulivyoimbishwa darasani kwetu: "Ishirini na mbili juu ya saba, Mwalimu."

"Huyo ni jirani yake pai. Wanaishi mlango kwa mlango, wamefanana, na watu wengi wenye haraka humgongea huyo wakaondoka wameridhika. Pai mwenyewe huanza na tatu, nukta, moja, nne, moja, tano, tisa, akaendelea, wala tarakimu zake hazikomi. Hana mwisho. Sasa niambie, huyo asiye na mwisho amewahi kufika nne?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hatafika milele. Kwa hiyo mtu akiniambia kitu chake hakina mwisho, bado hajaniambia kama kinamtosha binti yangu." Akavua miwani. "Posa sijaikataa. Lakini mtu asiyejua namba aliyoitamka hatajua ahadi aliyoitoa. Njoo Jumamosi ijayo na namba moja tu, uwe unaielewa. Ikiwa huna, Jumapili nina wageni."

Njia nzima ya kurudi Croydon, tulikokuwa tukiishi, Ami alilalamika. "Mimi nimeposa watoto wa masharifu," alisema. "Sijaulizwa hesabu."

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Jumatatu nilikwenda maktaba. Nilisoma kuhusu mwendo wa mwanga, ambao kwa sekunde moja ungeizunguka dunia zaidi ya mara saba. Nikasoma kuhusu namba ya wanakemia, sita ikifuatwa na tarakimu ishirini na tatu, ambayo ndiyo idadi ya molekuli zilizomo katika maji yanayozidi kidogo tu kijiko kimoja kikubwa. Ami nilipomweleza hiyo aliruka kitini.

"Hiyo hiyo! Beba kijiko."

"Ami, nikimwaga?"

"Utateka mengine. Maji yapo bombani."

Jibu lile lilinizindua. Namba kubwa namna ile, na mtu anaipata bombani, anaimwaga, anateka nyingine. Nikaanza kumfikiria yule mdogo, pai, na kwa nini Mwalimu alimtaja kwa upole, kama mtu wa nyumbani.

Alhamisi nilishuka Southall kununua kamba ya katani. Mwenye duka, Mpunjabi aliyezaliwa Kisumu, aliniangalia nilivyokuwa nikiichagua. "Kamba ya nini, bwana? Unataka kufunga mbuzi hapa Southall?"

"Nataka kuoa."

"Basi chukua ile nene," alisema.

Nilizungusha kamba kwenye kikombe cha chai, kisha nikapima upana wake. Nikafanya hivyo kwa sahani, kwa sufuria ya mama mwenye nyumba, na mwishowe, kwa hisani ya Ami, kwa gurudumu la basi katika gereji yao, madereva wenzake wakisimama kunitania. Mmoja aliuliza kama nalishonea suti. Kila nilipogawa mzingo kwa kipenyo, nilipata kitu kile kile: tatu na sehemu ndogo. Kikombe hakikuonewa kwa udogo wake, wala gurudumu halikupendelewa kwa ukubwa wake.

Jumamosi nilimwomba Ami aje, lakini anyamaze. Alikubali kwa uchungu, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Namba yako," alisema Mwalimu.

"Mwalimu, namba yangu ni ndogo. Ni tatu na kitu, na hicho kitu siwezi kukimaliza kukisema. Lakini nimeipima kwenye kikombe na kwenye gurudumu la basi, nayo ni ile ile. Mimi sina ukubwa wa kuahidi. Leo nina chumba kimoja cha kupanga. Huenda kesho nikawa na nyumba, huenda nisiwe nayo. Ninachoahidi ni kwamba Mwanaidi atanikuta yule yule katika chumba hicho na katika nyumba hiyo."

Mwalimu alinitazama juu ya miwani yake. Ami alikuwa ameuma midomo yake mpaka masharubu yakatoweka.

"Gurudumu lilikuwa na upepo?"

"Limejaa, Mwalimu."

"Kamba ya nini?"

"Ya katani."

"Katani hurefuka ukiivuta."

"Ndiyo maana nikasema tatu na kitu."

Mlango wa jikoni ukafunguka. Mwanaidi alikuwa ameshika sinia la kaimati, na wala hakuinamisha macho kama mila ilivyotaka. "Baba," alisema, "muulize kama atakuwa yule yule na siku ambayo mimi nimekesha wodini na vyombo havijaoshwa."

"Umemsikia," Mwalimu aliniambia.

"Nimemsikia. Vyombo nitaviosha."

"Bwana Selemani," Mwalimu akasema, "wapigie simu watu wa Birmingham kwa niaba yangu, wasisumbuke kuja kesho. Wewe ndiye mwenye maneno mazuri."

Ami, aliyekuwa kimya kwa shida kubwa, aliomba simu hapo hapo.

Mwanangu, nasaha yangu ni hii, nami naiandika wazi ili asitokee mtu kesho akanisingizia nyingine. Kabla hujatamka namba, ijue. Kama huijui, sema huijui, kwani muungwana hapungukiwi kwa kusema hivyo. Usidhani kwamba kitu kikiwa kikubwa ndiyo kimekuwa cha kweli, wala kwamba kisicho na mwisho lazima kiwe kingi. Wanasayansi wanazo namba kubwa za kutisha, lakini wanazozitegemea katika hesabu zao ni zile zisizobadilika, nyingine ndogo mno, ambazo wazikute leo au kesho, hapa au kwenye nyota ya mbali, watazikuta zile zile. Watu nao wanakutegemea hivyo. Ahadi ni deni. Ahidi kidogo unachoweza kukirudia kila siku, ukirudie.

Mwenyezi Mungu akupe neno lisilorefuka likivutwa, akupe mwenza atakayekuuliza swali gumu mapema, na akuzeeshe ukiwa yule yule, wewe na wote utakaowazaa. Amin.