Makufuli Mawili ya Kisima Chetu

Nakumbuka siku ambayo kisima chetu kilitiwa kufuli la pili, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wananiuliza kama akili imezeeka. Wazungu walikuwa wamemaliza vita yao kubwa miaka michache tu kabla ya hapo. Mimi nilikuwa msichana aliyechumbiwa, mnene kwa maziwa ya nyumbani, huku juu kwenye milima ya Masisi, karibu na Burungu.

Kisima kilikuwa nyuma ya zizi la baba. Juu yake, kwenye mteremko, serikali ilikuwa imejenga josho, lile shimo refu la saruji ambamo ng'ombe huogeshwa kwa dawa ya kuua kupe. Saruji ikapasuka. Dawa ikazama ardhini, ikateremka kimyakimya, na maji yetu yakabaki maangavu na matamu vilevile. Hatari yenyewe ilikuwa hapo. Matumbo yakaanza kusokota nyumba hadi nyumba.

Muuguzi wa dispensari ndiye aliyegundua kwamba wagonjwa wote walichota kwetu. Akakifunika kisima kwa mbao, akatia kufuli. Kesho yake akaja bwana wa mifugo, msimamizi wa josho. Yeye habari ya ufa aliijua, lakini hakutaka kuamrishwa na mtu wa dispensari juu ya dawa yake, akatia kufuli lake kando ya lile la kwanza. Kapita wa kijiji, aliyekuwa jicho la chifu, akaona asiachwe nyuma, akafunga juu yake majani ya mwiko, alama ya kukataza mtu asiguse. Watu watatu, kisima kimoja, na hakuna aliyemsalimu mwenzake. Fahali wawili hawakai zizi moja, sembuse watatu!

Sasa sikia kichekesho. Makufuli yote mawili yalikuwa mbele. Nyuma, kifuniko kilishikwa na vipande vya ngozi tu. Baba mdogo akavikata kwa kisu, na wanawake wakaendelea kuchota kwa nyuma huku makufuli yakilinda mbele. Usiwacheke sana, mwanangu. Mto ulikuwa bondeni kabisa, njia yenyewe utelezi mtupu, na mtoto akililia maji anayataka sasa hivi, si kesho.

Nami nilikuwa na shida yangu. Harusi yangu na Donati, kijana wa Walikale, ilikuwa imekaribia, na harusi bila pombe ya ndizi wala chakula cha wageni ni harusi gani? Baba alisema itangoja mpaka maji yapatikane. Nilimpenda yule kijana, sitaficha, na neno hilo la kungoja lilinichoma. Asubuhi moja mama akashauri tutumie maji yaleyale, tuyachemshe, moto utaua ubaya wote.

Koko, yaani mama yake baba, aliyekuwa ameshalishuku lile josho, akaupindua mtungi kwa mguu. "Moto inaua kidudu," alisema. "Dawa haiogope moto. Weka chumvi mu mayi, pika siku muzima. Chumvi itakufa?"

Asubuhi hiyohiyo wakubwa wetu watatu walifika kisimani, wakaona ngozi imekatwa. Loo! Muuguzi alimtupia lawama bwana wa mifugo, bwana wa mifugo akamrudishia, na kapita akataka kukamata mtu, yeyote yule. Koko akaja polepole na kibuyu cha maziwa ya mgando.

Kwetu wafugaji, aliyepewa maziwa hunyamaza na kunywa. Kugomba ukiwa na kibuyu mkononi ni kumtukana ng'ombe. Koko akampa kwanza aliyepiga kelele zaidi, bwana wa mifugo. Muuguzi alipotaka kutumia nafasi hiyo kuongeza lake, kibuyu kikahamia kwake. Kikaenda kwa kapita, kikarudi, kikazunguka tena, mpaka wote watatu wakawa na masharubu meupe na kimya kikatulia.

"Munafunga kisima mara tatu," Koko akasema. "Muko bantu ya akili. Sasa munatufungulia nini? Mukono mutupu haulambwi, batoto yangu. Hata ngombe anajua ile."

Muuguzi akaanza: kwenye kilima cha pili, upande usio na josho, kulikuwa na chemchemi safi, yeye mwenyewe alikunywa huko. "Lakini iko mbali, Mama." Bwana wa mifugo akasema kwa sauti ndogo kwamba ufa aliuona tangu mvua za kwanza, na ng'ombe hawataoga tena pale. Kapita akasema watu wa kazi atawatoa. Kumbe kila mmoja alikuwa na kipande chake mfukoni siku zote! Ila maji yatashukaje? Sisi tulijua kumpeleka ng'ombe kwenye maji. Kuyaleta maji kwa watu hatukujua.

Msichana aliyechumbiwa hakumtaja mchumba wake mbele ya wazee, ilikuwa aibu kubwa. Lakini mdomo ukanitoka: "Bantu ya kwa Donati banajua! Kwabo Walikale mayi inapita mu mianzi mupaka ku mulango!"

Nilitamani ardhi inimeze. Koko akanitazama, akaangua kicheko. "Kumbe njo sababu haulale usiku!" Baba akacheka, kapita akacheka, na siku ileile mtu akatumwa Walikale.

Wakwe zangu walipanda kutoka msituni kwao Walikale wakiimba, mapanga begani. Wakakata mianzi, wakatoboa vifundo, wakailaza juu ya miti yenye panda, kilima hadi kilima. Niliwaona kwa macho yangu muuguzi na bwana wa mifugo wamebeba mwanzi mmoja, huyu mbele na huyu nyuma, wakiulizana habari za watoto. Maji yalifika kabla ya harusi, kwanza ya udongo, kisha safi. Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde.

Kifuniko cha kisima kikapata bawaba za chuma badala ya ngozi. Koko akaomba funguo zote mbili, akazitunga pamoja na shanga zake, na siku ya harusi yangu alicheza zikilia shingoni. Alipofariki zikaja kwangu. Ninazo hadi leo, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kunijia aniombe kukifungua kile kisima.

Basi shika hili, mwanangu, hasa ukipewa cheo. Kidole kimoja hakivunji chawa: unalolijua nusu, mwenzako ana nusu ya pili, mfuate umuulize kabla hujanunua kufuli. Na ukimkataza mtu maji, mwoneshe maji mengine. Mungu akupe wenzako wa kubeba nao mwanzi, mlango wako usikose maji safi, na harusi yako isingoje hata siku moja.