Sauti Iliyotetemeka Siku ya Posa

Sifa ni kwa Mungu, aliyeniacha nizeeke masikio yakiwa bado yanasikia.

Mwanangu, nakumbuka siku moja ya posa nyumbani kwetu, mteremkoni mwa Meru. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa, na mjini kila mara anazuka mtu mwenye gari jipya na hakuna ajuaye fedha zimetoka wapi. Mchumba wa dada yangu Anaeli, Elibariki, dalali wa vito kutoka Sombetini, alikuwa mmoja wao. Nilimtilia shaka kabla hajaketi.

Aliongea vizuri, akatuchekesha wote. Kisha shangazi akamuuliza, "Na mama yako, kijana? Mbona hakuja?"

Elibariki akaweka kikombe chini, sauti ikamtetemeka. "Mama... mama yu... yupo tu. Hajambo... kidogo."

Nikamfuata shangazi jikoni. "Kikulacho ki nguoni mwako! Huyu ana mke kamficha kwa huyo mama. Jumapili tangazo la ndoa likisomwa kanisani, nasimama kupinga."

Akanicheka. "Simama basi, hakimu usiye na shahidi! Sauti ikitetemeka imekuonyesha mlango tu. Kilichomo ndani hukijui. Kabishe hodi kwanza."

Kesho yake nilimwomba Elibariki anipeleke kwa mama yake. Alisita, akanipeleka Olasiti, nami njia nzima namtazama kwa jicho la pembeni. Tulimkuta mama peke yake, mkono una kovu kubwa la moto. Alikuwa na kifafa, na siku moja kilimwangusha jikoni.

"Shemeji," Elibariki akasema, "mkichunguza ukoo wetu mkakuta kifafa, mtamkataza Anaeli kuolewa nami."

"Mwambie wewe mwenyewe," nikamjibu. "Kabla ya Jumapili."

Alimwambia. Dada alilia, akamkemea kwa kumficha mama yake, kisha akauliza mama huyo anapenda kula nini. Tangazo lilisomwa. Sikusimama.

Mwanangu, kushuku si dhambi; dunia ina matapeli, na wengi wao hawababaiki hata kidogo. Lakini hofu na aibu nazo hukwamisha ulimi, si uongo peke yake. Mtu akisitasita, muulize tena faraghani, kwa upole, umwache amalize. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, hasa mbele ya kanisa zima.

Mungu akupe sikio lenye subira wewe usomaye, na siku maneno yatakapokukwama kooni, akuwekee karibu mtu wa kukungoja. Amina.