Msimfiche Mtoto wa Jicho

Kisu sikukiogopa sana. Kisu kina mpaka, unajua kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Nilichoogopa ni kusimama mbele ya watu na kusema, kwa sababu neno likishatoka hujui limeingia sikio la nani, wala limegeuka nini huko ndani.

Mkufunzi wangu alilijua hilo. Alikuwa mama wa makamo, daktari wa macho wa pekee niliyepata kumwona kazini, na mimi nilikuwa mhitimu mpya wa udaktari niliyepangiwa wilaya ya Ngara, nikisubiri nafasi ya kwenda kusomea macho. Kila alipopita wilayani alinichukua nimshikie tochi. Siku moja, akiosha mikono, aliniambia, "Mkono wako mzuri. Mdomo ndio bado. Kipofu haji hospitali, binti, haioni njia. Lazima mtu aende kumsemea: kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa wakubwa ofisini, kwa mwanawe mwenyewe. Ukishindwa hilo utakaa na visu vyako mpaka vishike kutu."

Nilicheka, kisha nikaliwaza wiki nzima.

Wakati huo vita vilikuwa vimeanza kaskazini mwa mkoa. Ngara tulikuwa mbali na mizinga, lakini hatukuwa mbali na hofu. Malori yaliyozoea kubeba kahawa sasa yalibeba askari kupitia Biharamulo. Ndege yoyote ikisikika, watu waliacha majembe shambani wakaingia migombani. Na kila mkutano wa kijiji ulikuwa wa kutoa: toeni mahindi, toeni maharage, toeni ng'ombe, toeni vijana. Watu walitoa. Lakini gongo la mkutano, kile chuma kilichoning'inizwa mtini, likilia, niliona jinsi mabega yao yalivyoshuka.

Katika hali hiyo ndipo mkufunzi aliponipeleka kwa bwana mmoja wa ofisi ya wilaya kuomba gari na chumba. Bwana yule alikuwa na sauti ya taratibu, jambo lililonitisha kuliko kama angefoka.

"Nchi iko vitani," alisema, "nanyi mnaniletea habari za macho ya wazee?"

Nilikuwa nimeandaa jibu. Nilikuwa nimeliandaa tangu kitandani, lina mwanzo na mwisho. Nikasema, "Ndiyo, mzee." Basi.

Mkufunzi akanitazama, kisha akasema yeye. Alisema kipofu mmoja anawafunga watu wawili, yeye mwenyewe na anayemshika fimbo, na kwamba shamba la kijiji linapoteza mikono yote hiyo. Bwana yule akagongagonga meza kwa kidole.

"Haya. Ijumaa nawapa gari, na chumba kimoja pale kituo cha afya. Likirudi na wagonjwa, chumba ni chenu, na huyu binti nafasi yake ya masomo inabaki palepale. Likirudi tupu, chumba kinaingia magunia ya jeshi, na nafasi hiyo nampa mtu akasomee majeraha. Tumeelewana?"

Tulielewana. Huko nje mkufunzi akaniambia kwamba yeye naye ameitwa Bukoba kwa majeruhi, ataondoka Ijumaa hiyohiyo akishapasua. Kwenda kijijini kuwaita wagonjwa, nitakwenda mimi. Peke yangu.

Kijiji kilikuwa upande wa Mabawe, kimojawapo cha vile vya nyumba zilizopangwa mstari baada ya watu kuhamishwa kutoka vilimani. Nilifika mapema nikapita nyumba chache na tochi yangu. Katika nyumba ya mwisho nilimkuta bibi mmoja ambaye macho yake yote mawili yalikuwa meupe kama maziwa. Alikuwa akiishi na mjukuu wake wa kike, mwanafunzi wa shule ya msingi, aliyemwongoza kila mahali kwa ncha ya fimbo. Nilimmulika. Mwanga aliuona, vidole hakuviona. Nilijua kwamba macho yale yanafunguka.

"Bibi, Ijumaa utakuja?"

"Huyu akinishika fimbo, nitakuja," alisema kwa Kiswahili alichojifunza misheni, akimpapasa mjukuu kichwani.

Gongo lililia jioni. Kwa kuwa kwa wengi wao Kiswahili kilikuwa cha shule na ofisi, balozi wa nyumba kumi alisimama kando yangu atafsiri kwa Kihangaza. Hotuba yangu nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya mbuzi wa mwenyeji wangu, nikapima kila neno lisiwe gumu. Nililikwepa jina la kitabuni nikachagua lile ninalolijua tangu utoto, ambalo kila mtu kwetu pwani analijua.

"Ndugu zangu," nilisema, "msimfiche mtoto wa jicho. Kumficha hakusaidii. Lazima atolewe. Ijumaa asubuhi gari litakuja kuwachukua."

Balozi akatafsiri. Watu wakatulia, wakatulia kabisa, hata waliokuwa wakitafuna miwa wakaacha. Nikajiambia: wananisikiliza!

Mama mmoja akainuka. "Daktari, wa umri gani?"

"Mara nyingi ni wakubwa. Lakini hata wachanga tunawapata."

"Na wa kike?"

"Wa kike, wa kiume, hatubagui."

Mzee mmoja aliyekaa chini ukutani akauliza, "Gali litawaludisha?"

Hapo nilisita. Mkufunzi alinifundisha nisimdanganye mgonjwa kamwe, na upasuaji una hatari zake. "Wengi hurudi vizuri," nilisema.

Hakuna aliyeuliza tena. Watu waliondoka bila kuagana. Nilimwuliza balozi kama nimesema vizuri. Akafunga kifungo cha shati lake kilichokuwa kimefungwa tayari. "Umesema, daktari."

Niliyageuza maneno hayo mawili kichwani mpaka nikasinzia.

Asubuhi nilichosikia kwanza ni kimya. Kengele ya shule ililia, lakini hapakuwa na miguu iliyokimbia. Ililia tena. Kisha mwalimu mkuu akaja mbio uani kwa mwenyeji wangu, chaki bado mkononi.

"Umewafanya nini watoto wangu?"

"Shikamoo, mwalimu. Watoto gani?"

"Shule nzima! Hakuna hata mmoja! Baba zao wamekaa milangoni na mapanga, nikiuliza wananitazama tu."

Akili yangu ilikimbia pande zote kwa wakati mmoja. Adui amevuka. Hapana, wangekimbia wote. Ugonjwa umeingia. Hapana, ningeitwa. Labda wamesikia jambo ambalo mimi sijalisikia, na mimi peke yangu ndiye nitakayekutwa hapa nimesimama na kanga. Nilitoka barabarani. Kweli wanaume walikuwa milangoni. Nilisalimia nyumba ya kwanza, wakaitikia wakitazama mikono yangu. Nyumba ya pili hawakuitikia. Nikaacha kusalimia. Nilisikia mmoja wao akitembea nyuma yangu, nami nikiharakisha anaharakisha. Sikuthubutu kugeuka. Nilikwenda kule ambako angalau mtu mmoja hangeweza kunitazama hivyo.

Bibi alikuwa peke yake. Moto wake ulikuwa umezimika, chungu kimepinduka, na yeye amekaa sakafuni akipapasa maharage yaliyomwagika.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Mkono wake ukasimama. "Umekuja kumchukua? Hayupo."

"Nani, bibi?"

"Mjukuu wangu. Wamekwenda naye vilimani na wenziwe. Hata ukichoma nyumba, mimi sijui ni kilima gani, maana sikuona." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Ndiyo faida ya kuwa kipofu."

Nilichuchumaa. Nikaanza kuokota maharage. "Kwa nini wamewapeleka vilimani?"

"Si jeshi linataka watoto wa jicho? Watoto wenye macho makali, wawekwe huko mbele wachunguze ndege. Hata wachanga, wakuzwe kwa kazi hiyo. Na watakaobaki hai watarudishwa."

"Nani amesema hivyo?"

"Wewe."

Niliyasikia maneno yangu upya, moja moja, kama yanavyosikika kwa mtu aliyekwisha kutoa mahindi na ng'ombe na mwanawe mkubwa. Msimfiche. Lazima atolewe. Gari litawachukua. Wengi hurudi. Balozi hakukosea hata kidogo, alitafsiri neno kwa neno.

Nilimweleza bibi polepole. Kwamba mtoto wa jicho si mtoto, ni ule weupe ulioziba macho yake. Kwamba sisi ndivyo tunavyouita.

Aliweka kiganja juu ya jicho.

"Huu?" alisema. "Huu ni ukungu, mjukuu wangu. Mtoto anakuja nyumbani unafurahi. Nani huko kwenu aliyeuita huu mtoto?"

Nikasema nitaomba gongo ligongwe tena nieleze.

"Ligonge, na hata hawa waliobaki watakimbia. Nani atakuamini? Mchukua watoto akirudi kusema sichukui watoto, ndipo watu wanapofunga milango." Akapapasa, akaupata mkono wangu. "Hilo gari lije. Unipandishe mimi, mchana, watu wote wakiona. Jeshi gani litachukua kikongwe kipofu? Halafu nirudi. Nikirudi ninaona, watajua ulikuwa unasema nini. Nisiporudi..." Akaufinya mkono. "Kisu hicho kinauma?"

"Kuna dawa ya ganzi."

"Sikuuliza hivyo."

"Kinauma kidogo, bibi."

"Mimi naogopa sana," alisema, kwa sauti ile ile aliyokuwa akisemea habari za maharage.

Ijumaa gari lilikuja, na mkufunzi mbele. Nilimwongoza bibi kwa fimbo kupitia katikati ya nyumba zote. Hakuna aliyetupungia. Mkufunzi alichungulia nyuma yangu. "Mmoja tu?" Nikamweleza njiani. Nilitarajia anikemee, lakini aliweka mkono mdomoni na mabega yakamtikisika, nami hadi leo sijui kama alikuwa akicheka.

Alimpasua jicho la kulia. Mimi nilishika tochi kwa mikono miwili. Niliwaza: akikohoa sasa, jicho limekwenda. Vijidudu vikiingia, jicho limekwenda, na kijiji kizima kimekwenda nalo, na mjukuu atakaa vilimani mpaka mvua zije. Bibi hakukohoa. Midomo yake ilikuwa ikitembea tu bila sauti.

Jua halijatua, mkufunzi alipanda gari lililokuwa likielekea Bukoba. Aliniachia dawa, bandeji, na miwani mizito. "Asiiname, asinyanyue kitu. Ukifungua ukaona usaha, unajua la kufanya." Nilijua. Ndilo lililokuwa likinitisha.

Siku zile nilimlisha mwenyewe, nikanusa kila bandeji kabla ya kuitazama. Bwana wa ofisi ya wilaya alipita, akachungulia chumbani. "Mgonjwa mmoja," alisema. Magunia yalikuwa yamekwisha kupangwa varandani, nikawasikia panya wakiyakwangua.

Nilipomrudisha kijijini, bibi alikataa nimvalishe miwani ndani. Alitaka barazani. Watu walikuwa wamesimama mbali, karibu na migomba, wanaume kwa wanawake. Nilifungua bandeji. Jicho lilikuwa jekundu kidogo, safi. Nikamvika miwani. Jicho lake likawa kubwa nyuma ya kioo, likizunguka, likitafuta.

Alinitazama. Akanitazama chini, akanitazama juu.

"Huyu ndiye daktari?" aliwauliza watu kwa sauti. "Huyu ndiye mliyemkimbia? Huyu mwenyewe ni mtoto!"

Mtu mmoja alicheka kule migombani, kisha mwingine. Balozi hakucheka. Alikuja, akaokota jani la mgomba, akalinyanyua mbele ya bibi. "Hii nini?" "Jani. Nawe umekonda." Hapo balozi akageuka, akatia vidole viwili mdomoni akapiga mluzi mrefu kuelekea vilimani.

Kesho yake mabenchi ya kituo yalijaa, na waliokosa nafasi wakakaa kwenye majani. Vipofu walikuja wakiongozwa kwa fimbo, na kila fimbo ncha yake ilishikwa na mtoto. Bwana wa ofisi ya wilaya alisimama mlangoni akiwatazama, kisha akawaambia vibarua waliokuwa varandani wayapeleke magunia shuleni. "Nafasi yako inabaki," aliniambia kwa ile sauti yake ya taratibu. "Sasa nenda kawaambie."

Kwa maana mwenye kisu alikuwa Bukoba. Hapakuwa na wa kuwapasua, na mimi mwenye kuwaita nilikuwa ninaondoka kwenda kujifunza. Nilisimama mbele yao. Niliogopa kuliko siku ya kwanza, maana siku ile sikujua neno linaweza kufanya nini.

"Nimekuja kusema habari za ukungu wa macho," nilianza. Nikawaambia kwamba unatibika, kwamba mkufunzi yuko vitani, kwamba mimi naenda kusoma, na kwamba wangoje. Balozi alitafsiri, akinitazama baada ya kila sentensi kuhakikisha.

Bibi alikuwa benchi la mbele, mjukuu kando yake, miwani imemteremka puani.

"Utarudi?" aliuliza.

Nilifikiria barabara na malori yake. Nilifikiria mitihani, ndege, vita visivyojulikana vitaisha lini. Nilijua jibu la kweli, lile nililofundishwa: sijui. Watoto wote walikuwa wananitazama.

"Nitarudi," nilisema, na kabla balozi hajatafsiri nilikuwa nimeanza kuliogopa neno hilo.