Mwanika Dagaa wa Kemondo

Mwanika dagaa wa mwaloni Kemondo, wavuvi wa ziwani wanakoshusha samaki, hana haraka na mtu. Huwageuza dagaa kichanjani kwa viganja vikavu kama magome, akiimba kwa Kihaya, na ukimsalimia humaliza kwanza ubeti. Siku afisa uvuvi alipotangaza kwamba serikali na wananchi wamekubaliana kuufunga ufukwe ule uwe mazalia ya samaki, watu walipiga makofi. Yeye hakupiga. Vichanja vya wanawake wote vilikuwa pale pale.

“Mama, hutaki samaki waongezeke?” afisa alimuuliza.

“Nataka sana. Mmekubaliana na nani?”

“Na kamati yenu.”

“Hiyo ni ya wenye mitumbwi. Sisi waanikaji nani alituuliza?”

Afisa akasema mipaka imekwisha kupimwa, akawaamuru vibarua wasimike nguzo ya kibao. Mwanika dagaa akakaza kitenge chake, akaketi ukingoni mwa shimo la nguzo, akatumbukiza miguu yote miwili ndani. Vibarua wakaduwaa na ndoo ya zege mikononi. Wanawake wenzake wakaviacha vichanja, wakaja kuketi kumzunguka.

“Haya, mimineni,” akasema.

Hakuna aliyemimina. Zege likaanza kugandia kwenye ndoo, na hatimaye afisa akaomba aletewe kiti, aketi awasikilize.