Bahari Aliyoniagiza Mama

Mama aliniagiza bahari kama anavyoniagiza vitunguu. "Ukirudi bila picha ya bahari, usibishe hapa," aliniambia akifagia maji ya mvua mlangoni kwetu mtaa wa Kabiro. "Na ikuwe blue, kama ya kalenda."

Nilikuwa napanga begi kwenda Kilifi, kwenye warsha ya upigaji picha. Kazi yangu ni picha za bathdei na mahafali ya chekechea pale stendi ya Kawangware 56, lakini ugonjwa wangu hasa ni udadisi. Mtu pekee aliyenishinda ni mama. Alizaliwa kisiwani, Ziwa Victoria, na nikimuuliza kwao kulikuwaje hujibu, "Kulikuwa na maji," basi.

Kilifi mvua ilinitangulia. Darasa letu lilikuwa chini ya paa la makuti, na kilichonishangaza ni ukimya. Kwetu mvua ikianza, maongezi yamekwisha. Mabati hayampi mtu nafasi, hata jirani aliye katikati ya umbea huuhifadhi mpaka iishe. Huku mwalimu alifundisha kwa sauti ile ile, nami sikujua kunanyesha mpaka nilipotoa mkono nje ukalowa. Nikasahau somo. Nilikodolea lile paa macho hadi mwalimu, mama wa pale pale Kilifi, akaniuliza, "Mwanangu, hayo makuti yameandikwa nini?"

Siku zote zile buluu sikuiona. Bahari ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo, mbingu vile vile, wala hungejua moja inaishia wapi. Nilizunguka na koti langu la mtumba la soko la Toi nikiuliza watu maswali. Nilimkuta kinyozi akinyoa barazani, nusu ya kichwa cha mteja ikinyeshewa. "Mbona hamsogei ndani?" nikawauliza.

"Upande huo nishaumaliza," akanijibu, na wote wawili wakaangua kicheko. Nikawapiga picha hapo hapo.

Siku ya mwisho mwalimu alisema kila mmoja atachapishiwa picha moja tu, kubwa. Alipoona ya kinyozi akasema, "Ndiyo hii." Nilifurahi mpaka nikaona haya. Wateja wangu husifu picha baada ya kujitafuta wenyewe ndani yake. Huyu alikuwa ameisifu picha yenyewe. Lakini mama alikuwa ameniagiza. Nikamwonyesha mwalimu ya bahari: kijivu juu, kijivu chini, na katikati kidoa, pale tone la mvua lilipotua kwenye lenzi.

"Hiyo imeharibika," alisema.

Nikamwambia ndiyo ninayoitaka, na kuiacha ya kinyozi kuliniuma.

Nilifika Kabiro mvua ikitwanga mabati. Mama aliikunjua picha juu ya kitanda. Nilianza kujitetea kuhusu hiyo blue yake, lakini aliinua mkono ninyamaze. Akaitazama sana. Kisha akanivuta karibu, mdomo sikioni, maana bila hivyo nisingesikia kitu.

"Mama yangu alikuwa anaenda soko ng'ambo na boti," alisema. "Kukinyesha ziwa inakuwa hivi. Nasimama kwa maji naangalia kitu kidogo huko mbali, sijui kama ni yeye anarudi ama ni boti ya wengine inaenda. Siku moja nikangoja mpaka watu wakakuja kunichukua. Hiyo boti haikurudi."

Nilijua nyanya alikufa kabla sijazaliwa. Jinsi alivyokufa sikuwahi kuambiwa. Nilimshika tu mkono.

Mama akaweka kidole juu ya kile kidoa. "Huyu anakuja ama anaenda?"

"Ni tone ya maji, mama. Iliangukia kamera."

"Kwani mimi ni kipofu? Naona ni maji. Nimekuuliza, anakuja ama anaenda?"

"Anakuja," nikamwambia, na mabati yalivyokuwa yakipiga kelele, ilibidi nirudie kwa nguvu. "Anakuja, mama."