Shujaa Aliyebadilishwa Jina

Kabla hajaolewa katika mji wa Takaba, Saynab alimaliza gemu moja mwanzo hadi mwisho, pale sebuleni kwa mama yake mjini Garissa. Kwa miaka miwili alimkuza shujaa wake, mwanamke wa upanga na kitambaa chekundu, akampa jina la nyanya yake, Barwaqo. Konsoli ilikuwa ya kaka yake, Jama, lakini Jama alishindwa hata na jitu la kwanza, akatupa kidhibiti mkekani. Saynab ndiye aliyegundua namna ya kuunganisha mapigo sita mfululizo, adui asipate hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Mwaka huu alirudi kumuuguza mama. Alasiri moja alipeleka chai sebuleni, akamkuta Jama na marafiki zake kwenye toleo la pili la gemu ile. Toleo hilo lilimruhusu shujaa wa zamani aendelee na nguvu zake zote. Kwenye kioo cha runinga alisimama mwanamke yule yule wa kitambaa chekundu. Juu ya kichwa chake paliandikwa JAMA.

"Huyu umemtoa wapi?" Saynab aliuliza.

"Alikuwa humo humo kwenye mashine," Jama akajibu bila kugeuka. "Tuletee sukari, abaayo, dada yangu."

Dubwana la kwenye gemu likamwangusha shujaa mara tatu. Saynab akashindwa kunyamaza. "Unabonyeza mapema. Ngoja teke lake litue kwanza."

Wakacheka. Daud, rafiki wa Jama, akamnyooshea kidhibiti kwa mzaha. "Haya, tuonyeshe."

Saynab akaketi. Alikuwa hajakigusa kwa miaka mitano, ila vidole havikuwa vimesahau. Mapigo sita, kisha sita mengine, na dubwana likaanguka kifudifudi.

"Mashallah!" Daud akampiga Jama begani. "Kumbe dada yako ulimfundisha vizuri!"

Saynab akamtazama kaka yake, akingoja.

Jama akapuliza chai yake. "Nilijitahidi," akasema.

Baadaye Saynab alimkabili jikoni. "Kwa nini hukusema ukweli?"

"Ni gemu tu, walaal, ndugu yangu. Ulitaka niaibike mbele ya watu?"

"Basi mrudishie jina lake."

"Halibadiliki tena." Akachukua birika, akarudi kwa wageni wake.

Saynab alikoroga uji mpaka ukaiva, akampelekea mama. Kutoka sebuleni zikapasuka shangwe.

"Kelele za nini hizo?" mama aliuliza.

"Jama ameshinda," akasema, akamwinua kichwa anywe.